Hakuna Aliyeuliza

Ruqaya alikuwa bado shule ya msingi, akikaa na wazazi wake nyuma ya msikiti mjini Machakos, alipogundua kwamba jino la dada yake Pili lilikuwa likimuuma yeye. Haikuwa huruma tu. Jino lenyewe lilimuuma, upande wa kushoto, na meno yake mwenyewe yalikuwa mazima. Alipouachia mkono wa Pili, maumivu yakakatika hapo hapo. Alipoushika tena, yakarudi. Mama yake akamkataza kucheza mchezo huo. Baba yake, mzee Abdalla, Mkamba aliyesilimu ujanani na kufanya kazi ya kuchinja karibu maisha yake yote, alisema, "Mungu akikupa sikio la tatu, muombe akubakishie mdomo mmoja."

Alikua nalo sikio hilo. Akimgusa mtu, kile ambacho mtu huyo alikisikia mwilini au moyoni kilimwingia yeye kwa uzito ule ule. Sababu yake hakuijua kamwe. Alijua tu kwamba pale pana kidonda. Nani aliyekata, na kwa nini, mikono haikumwambia.

Aliolewa na Jamal, anayefanya kazi kiwandani Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Wakajenga Mitaboni, wakamzaa Nuha, na Ruqaya akafungua kibanda cha kusuka nywele pembeni mwa soko. Mtu angedhani kazi ya kushika vichwa vya watu kutwa nzima ingemmaliza mwanamke wa namna yake. Kumbe ilimfaa. Wanawake walikuja na vichwa vizito, na yeye, akiwa katikati ya msuko, aliacha mikono itulie kidogo na kusema kwa Kikamba chao, "Pole, mwaitu," yaani pole, mama. Basi. Mwanamke akatokwa na machozi bila kuulizwa kitu, akaondoka mwepesi. Habari zikaenea. Akaletewa mtoto mchanga anayelia bila mama yake kujua panapouma. Akaletewa bibi kizee asiyeweza tena kusema. Wengine walimwogopa, wakawa wanapita mbali na kibanda chake na kwenda kusukwa Kathiani, wakisema mikono ile ina wenyewe.

Ndivyo alivyoishi mpaka mwaka aliokufa mzee Kaloki.

Mzee Kaloki aligongwa na pikipiki jioni moja ya kiangazi, kwenye kona ya barabara inayoshuka mtoni, akitoka kuwanywesha mbuzi wake. Watoto wa shule ndio waliomkuta asubuhi. Alikuwa amelala chali pembeni mwa barabara, macho yamefumbwa, na chini ya kichwa chake palikuwa na gunia lililokunjwa vizuri kama mto wa kitanda. Gunia hilo liliwasumbua watu kuliko damu. Ni la aina ambayo waendesha bodaboda hutandika chini ya mizigo, na kila mmoja wao anayo mawili matatu. Watu walisema, aliyemuua alimlaza kama mtoto, kisha akaondoka.

Pikipiki zilizoonekana kushuka barabara ile jioni hiyo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Musili, kijana mkimya aliyeishi na mama yake upande wa bondeni. Nyingine ilikuwa ya Ndolo, mwanamume mwenye mke na mtoto, ambaye soko zima lilimpenda. Ndolo alikuwa wa kwanza kwenye harambee na wa kwanza kwenye msiba. Hata kaburi la mzee Kaloki alilichimba yeye pamoja na vijana wengine, na wenzake walipochoka alibaki shimoni peke yake akiendelea, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Polisi walikuja, wakapima barabara, wakaondoka. Siku zikapita. Ndipo Mutua, mtoto wa kwanza wa marehemu, alipomleta mama yake kibandani kwa Ruqaya.

"Mama Nuha," Mutua alisema, "sisi hatutaki makuu. Nitawaita wote wawili nyumbani. Wewe shika mikono yao tu."

"Mimi si wa kazi hiyo," Ruqaya akamjibu. "Mimi nasuka nywele."

Lakini mama mjane alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha wateja na kuegemeza kichwa chake tumboni mwa Ruqaya. Kilichomwingia Ruqaya hapo hakukisimulia kwa mtu baadaye. Alishika nguzo ya kibanda ili asianguke. Mama yule aliponyanyua kichwa, Ruqaya alikuwa amekwisha kukubali.

Alimpigia simu baba yake. Mzee Abdalla alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ruqaya, anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Uchungu si ushahidi."

"Baba, wewe hujamshika huyu mama."

"Ndiyo maana naona vizuri."

Hakumsikia. Alikwenda.

Ilikuwa adhuhuri, nyumbani kwa Mutua. Hakukuwa na upepo. Kuku walikuwa wamejibanza chini ya ghala, na watu waliojaa uani walikuwa kimya kiasi kwamba alisikia mabati yakialika kwa joto. Walikuwa wameweka benchi moja katikati. Hakuna aliyewauliza wale wanaume wawili swali lolote. Waliambiwa waketi na kunyoosha mikono.

Ruqaya aliweka leso juu ya mkono wa Ndolo, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu na yule hakuwa ndugu yake. Kitambaa hakikuwahi kuzuia kitu. Akafunga mkono wake juu yake, akasubiri.

Hakuna kilichokuja.

Alikuwa amewahi kuwashika watu waliolala, na watoto wa siku moja. Aliwahi kumshika mgonjwa aliyezimia, na hata kule kulikuwa na kitu, kama mtu anayetembeatembea chumba cha pili. Kwa Ndolo alihisi ameingia nyumba iliyofagiwa, moto umewashwa, viti vimepangwa, na hakuna anayeishi humo. Aliendelea kusubiri. Nywele za shingoni zilimsimama bila yeye kujua anaogopa nini. Alipoinua macho alimkuta Ndolo akimtazama kwa upole, akitabasamu kidogo, kama mtu anayemsubiri fundi amalize kumpima shati.

Huenda moyo safi ndio huwa hivi, Ruqaya alijiambia. Akamwachia.

Kisha akaweka leso juu ya mkono wa Musili. Alipouweka wake juu, kiu ilimkamata kooni, kiu ya mtu aliyelala juani siku nzima. Kifua kikambana. Kisha vidole vya mtu mwingine, vikavu, vya mtu mzima aliyefanya kazi ya jembe, vikamshika kiganja kwa nguvu na kuanza kulegea kimoja baada ya kingine. Ruqaya alianguka kwa magoti.

"Ni huyu?" Mutua aliuliza.

"Amembeba," Ruqaya alisema, pumzi zikimpaa. "Amembeba mzee."

Musili alifungua mdomo. Hakupewa nafasi ya kusema alichotaka kusema. Walimpiga mpaka mkono wake ukavunjika, pikipiki yake ikachomwa moto pale pale njiani, na kama wazee wawili wasingejitupa juu yake, angechomwa pamoja nayo. Mama Kaloki aliyatazama yote hayo akiwa amekaa, uso umekauka. Ndolo alisaidia kuzima moto usishike ua wa miti. Wiki haikuisha Musili akawa ametoweka, na habari zikasema yuko Lukenya, anapasua mawe.

Watu walimshukuru Ruqaya. Wateja waliongezeka. Lakini kuanzia siku ile kulikuwa na jambo ambalo halikuwahi kumpata. Vitu vya watu vilikuwa vikiondoka na watu wenyewe. Akiondoa mkono, vimekwisha. Hiki kilibaki. Jioni, vivuli vya vibanda vilipoanza kurefuka, alikuwa katikati ya kusuka na vile vidole vikavu vikamkamata kiganja. Msuko ulimponyoka. Kiu ilikuja, akanywa maji, akanywa tena, na maji hayakuikuta. Nuha alizoea kumwona mama yake amesimama mlangoni na kikombe kitupu mkononi, akiangalia barabara ya mtoni. Jamal alitaka waite shehe aje asome. Ruqaya alikataa. Alikuwa na hisia kwamba aliyemshika hakuwa na nia mbaya naye. Alikuwa akitaka kitu tu, na yeye hakukijua.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Ndolo alimleta binti yake Kanini kusukwa. Alieleza kwamba mkewe Mbinya yuko shambani. Soko lilikuwa tulivu, saa zile ambazo watu hula na kusinzia. Ndolo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono, naye Ruqaya akagawanya nywele za mtoto kwa kichana.

Kichwa cha Kanini kilikuwa na woga mwingi mno kwa mtoto wa umri wake. Ruqaya alipunguza kasi ya mikono.

"Nimekuwa nikitaka kukuuliza, Mama Nuha," Ndolo alisema. "Siku ile, kwangu ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Ndolo akatikisa kichwa polepole, kama aliyekuwa akitarajia jibu hilo. "Hata mimi. Nikiangalia ndani sioni kitu. Tangu nikiwa mdogo. Watu wakilia naangalia wanavyofanya uso, nami nafanya hivyo hivyo. Nilidhani wewe ungekiona kile nisichokiona."

Ruqaya alishika fungu lingine la nywele. Chini ya vidole vyake kichwa cha mtoto kilikuwa kimekakamaa.

"Maana mzee ni mimi nilimgonga," Ndolo akaendelea, sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya. "Alitokea ghafla na mbuzi. Kanini alikuwa nyuma yangu. Nilisimama nikaangalia, nikaona bado anapumua, halafu nikaona chakula kitapoa nyumbani. Tukaenda. Muulize huyu."

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Woga wote wa mtoto ulipanda mikononi mwa Ruqaya na kufika mabegani.

"Kwa nini unaniambia?"

"Umenijibu ukweli, nami nakupa wangu," Ndolo alisema. "Nilikuwa nataka kujua kuhusu hiyo siku."

Alipomaliza kumsuka, Ndolo alishukuru, akamshika mtoto mkono kwa uangalifu ili asijikwae kwenye mtaro, wakaondoka. Ruqaya alifunga kibanda mapema.

Usingizi haukumjia. Jambo alilokuwa akiliona ni dogo na la kutisha: alikuwa amegusa watu wawili, akamkuta mmoja anaumia na mwingine haumii, na akaamini kwamba anayeumia ndiye aliyekosa. Lakini mtu anaweza kuumia kwa sababu ana moyo. Hilo hata mtoto analijua.

Asubuhi alikwenda Lukenya. Alimkuta Musili kwenye machimbo, kichwa na kope vimejaa vumbi jeupe, akipiga nyundo kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto uliungwa vibaya. Hakuonekana kushangaa. Akaweka nyundo chini, akakaa juu ya jiwe, akamwachia mgeni jiwe lenye kivuli.

"Sijakuja kukushika," Ruqaya alisema. "Nimekuja kukuuliza. Siku ile ulifanya nini?"

Musili alifuta kope kwa mgongo wa mkono. "Hilo swali ningelijibu siku ile," alisema. "Nilimkuta ameshagongwa. Alikuwa hai. Akaniomba maji. Sikuwa na maji, mwaitu, pikipiki nilikuwa nimepakia makaa. Nikamwekea gunia kichwani. Nikataka kwenda kuita watu, akanishika mkono, akakataa kuniachia. Nikabaki naye. Alipokata roho, nikaona giza linaingia, na mimi niko pale na pikipiki na maiti. Unajua huku kwetu watu huuliza baada ya kuchoma. Nikaenda. Hapo ndipo nilikosa. Ningepiga kelele."

"Mimi nilisema umembeba."

"Hukudanganya. Nambeba hadi leo." Alikung'uta vumbi magotini. "Ulisikia kila kitu alichosikia mzee. Kile tu nilichofanya ndicho hukutaka kujua."

Ruqaya alilia hapo, na Musili hakumwambia anyamaze wala hakumwambia amesamehewa. Alimletea maji kwenye kopo. Ruqaya akanywa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, maji yakamfika.

Sasa alianza kuuliza. Alimwendea Urbanus, fundi wa pikipiki pale sokoni, akamuuliza kama kuna pikipiki iliyoletwa siku zile za msiba. Urbanus alifuta mikono kwa kitambaa chenye oili, akatazama huku na huku, akasema ndiyo, Ndolo alileta yake na taa ya mbele imevunjika na madigadi ya gurudumu imepinda, akasema amegonga mbuzi. "Lakini mbuzi wa mzee walirudi wote," Urbanus alisema. "Nililiona hilo. Hakuna mtu aliyeniuliza, na wewe ulikuwa umeshasema."

Wakaenda pamoja kwa Mutua. Ruqaya alieleza kila kitu, ila kwamba mtoto alikuwepo. Hilo alilimeza. Hakutaka Kanini asimamishwe mbele ya watu kumshitaki baba yake.

Mutua alisikiliza akiwa amesimama. "Wewe mwenyewe ulisema kwa Ndolo hakukuwa na kitu."

"Hakukuwa na kitu. Ndicho ninachokuambia."

"Basi ni msafi. Huyo mtu alichimba kaburi la baba. Siku tatu alikula kwetu."

"Mutua, mimi nilikosea."

"Ukikosea wewe," Mutua alisema, na sauti ikapungua, "mimi nilichoma pikipiki ya nani? Nilimvunja mkono nani?"

Hakuwa anauliza ili ajibiwe. Mama yake alikuwa mlangoni amesikia yote. Ruqaya angeweza kumwendea na kumshika tena, na alijua lingetokea nini: angezama katika maumivu ya nyumba ile na kusahau aliyeko Lukenya. Alirudisha mikono ndani ya leso. "Mimi nakwenda polisi na Urbanus," alisema. "Ukitaka kuja, njoo."

Mama Kaloki ndiye aliyetoka. Alivaa viatu, akafunga kitambaa kichwani, akawatangulia njiani.

Hakukuwa na haja ya kesi ndefu. Askari aliyemfuata Ndolo alimkuta kwenye steji ya bodaboda akimfungia abiria mzigo, akamuuliza, "Wewe ndiye ulimgonga mzee Kaloki?" Ndolo akamalizia kukaza kamba kwanza. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Siku ile walitaka mkono, nikawapa mkono. Hakuna aliyeniuliza." Waliokuwepo wanasimulia kwamba alilisema kwa adabu, kisha akamwomba radhi abiria kwa usumbufu. Mbele ya hakimu alikubali vile vile. Akafungwa. Jela nako, inasemekana, wanampenda.

Wazee wa ukoo wa Kaloki walikaa, wakasema Musili alipwe pikipiki na apelekewe mbuzi wa kuomba msamaha. Mutua alimpeleka mbuzi mwenyewe mpaka machimboni. Musili alimpokea mbuzi, akaagiza apelekwe kwa mama yake bondeni, akarudi kwenye nyundo. Mutua alisimama pale juani mpaka jioni. Mitaboni Musili hakurudi, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia arudi.

Sikio la tatu halijamwondoka Ruqaya. Bado wanaletwa watoto wachanga, na bado anawaambia mama zao panapouma. Lakini wakija watu na ugomvi, anaweka mikono mapajani na kuuliza: nani aliona, ilikuwa saa ngapi, na yeye mwenyewe anasemaje. Wengi huondoka wamevunjika moyo. Wanasema nguvu zimemwisha.

Watu wakishaanza kuhukumu huwa hawamalizii kwa mmoja. Ndolo alipokwisha kufungwa, soko lilimgeukia Mbinya. Hakuna aliyemtukana. Mwenye nyanya alikuwa hana chenji akija yeye; benchi la kanisani lilibaki na nafasi kulia na kushoto kwake. Kanini alirudi nyumbani kutoka shule akiwa peke yake kila siku, na watoto wengine wakitembea upande wa pili wa barabara. Na hao walikuwa watu wale wale waliokuwa wakisema Ndolo hana moyo.

Jumamosi moja, kibanda kimejaa, Mbinya alisimama nje amefunika kichwa, mtoto kamshika sketi. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakanyanyuka, wakakumbuka wameacha sufuria motoni. Ruqaya akavuta kiti.

"Kaa, mwaitu."

Akamfungua kitambaa, nywele zilikuwa hazijaguswa muda mrefu. Akatia mafuta, akaanza kugawanya kutoka utosini. Ilimfika taratibu: uchovu, aibu, na chini yake baridi ya zamani sana, upande mmoja wa mwili.

"Ulipomshika," Mbinya aliuliza bila kugeuka, "ulisikia nini kwake?"

"Hakuna kitu."

"Alikuwa mtu mzuri kwangu. Hakuwahi kunipiga. Lakini nilikuwa nikiamka usiku kando yake, naweka mkono nione kama anapumua. Alikuwa akipumua. Na bado naogopa." Akakunja kitambaa mapajani. "Sikujua hiyo ni ya kumwambia nani."

"Niambie mimi," Ruqaya alisema. "Kanini, mwanangu, nishikie hivi vinyuzi. Vyeusi kwanza."

Mtoto akasogea, akashika. Ruqaya alisuka mpaka jua likaanza kulala. Mlango aliuacha wazi, na waliopita waliwaona.